Vifaa vya umeme vya boti ya kuvulia Malindi na Lamu: nini kwanza, nini baadaye, na kwa nini skrini ni ya mwisho

Ukiingia dukani kutafuta vifaa vya boti, kitu cha kwanza kuonyeshwa ni skrini. Inawaka, ina rangi, na ndani yake samaki wanapita kama wako sahani. Ndivyo mtu anavyojikuta na kioo cha inchi 12 kilichofungwa kwa waya wa spika kwenye betri ile ile ya kuwashia mashine, na chini ya maji kuna transdusa (kile kipande kinachorusha sauti majini na kupokea mwangwi wake) ya bei poa iliyokuja ndani ya boksi. Kioo hakioni samaki. Anayeona ni transdusa, na anayempa transdusa nguvu ya kuona ni betri.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume cha duka: maji, umeme, redio, transdusa, kisha skrini. Tunazungumzia boti ya kujiburudisha ya futi 18 hadi 28, ya faiba au ya mbao, inayotoka alfajiri na kurudi jioni.

Hatua ya 1: Andika unavua wapi na vipi

Chukua karatasi uandike kina cha maji unakovua mara nyingi. Andika kwa mita, na uwe mwangalifu unapouliza. Nahodha mzee akikwambia mwamba uko "thelathini", anahesabu pima, na pima 30 ni mita 55. Kuna watu wamenunua sonari, yaani kipima kina na samaki kwa mwangwi, isiyofika chini kwa kosa hilo tu.

Kisha andika namna ya uvuvi. Anayerambaza sulisuli, yaani anayekokota chambo nyuma ya boti, nje ya Malindi, Novemba hadi Machi, anatafuta samaki wa juu ya maji. Sonari haitamwonyesha sulisuli anayeogelea mita mbili chini ya uso, mita 40 nyuma ya boti. Yeye anahitaji kipimajoto cha maji, ramani inayoonyesha pale kina kinapoporomoka, na macho ya kuona ndege. Anayeteremsha mshipi kutafuta chewa na changu kwenye miamba, sonari kwake ni nusu ya safari. Hawa wawili wasinunue kitu kimoja.

La tatu, boti inalala wapi? Malindi maji yakipwa boti nyingi zinakaa juu ya mchanga. Transdusa inayochomoza chini ya bodi itavunjika bamvua ya kwanza. Lamu shida ni nyingine: mikanda, yaani mikondo myembamba ya maji kati ya mikoko, kama ule ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambako unapita maji yakijaa na unakwama yakipwa. Huko kinachokuokoa ni njia uliyoirekodi mwenyewe kwenye GPS ukiwa na maji ya kutosha, na kipimio cha kina kinachosoma sawasawa hata mita moja na nusu. Nguvu ya kufika mita 500 haitakusaidia kitu.

Jambo moja la Malindi usilisahau: ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari, iliyotengwa 1968, uvuvi hauruhusiwi. Weka mipaka yake kwenye plota (skrini ya ramani na GPS) kabla ya safari ya kwanza.

Hatua ya 2: Hesabu umeme kabla ya kununua chochote

Kila kifaa kina idadi ya ampea kinazokula, imeandikwa kwenye kijitabu chake. Zidisha kwa saa za kazi, upate ampea-saa. Huu hapa mfano wa siku ya saa kumi: plota ya inchi 9 inakula kama ampea 1.5, hiyo ni 15. Redio ya VHF ikisikiliza tu ni nusu ampea, 5. Ikizungumza inakula 5 hadi 6, lakini kwa dakika chache; weka 2. Otopailoti, inayoshika usukani yenyewe, ampea 3 kwa saa sita, 18. Pampu ya ngama, ya kutoa maji yaliyoingia chini ya boti, saa moja, 3.5. Taa za LED za alfajiri, 1. Muziki, ambao kila mtu anasahau kuuhesabu, ampea 2 kwa saa tano, 10. Jumla inapita 54.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haikupi 100. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, unaiua. Una 50 za kutumia, nawe unataka 54. Usitegemee mashine ikuchajie njia nzima: ukirambaza kwa mzunguko wa chini, alternita, jenereta ndogo ya mashine, inatoa sehemu ndogo tu ya ule umeme ulioandikwa kwenye karatasi yake.

Suluhisho la kawaida ni betri mbili: moja ya kuwashia mashine, isiyoguswa na kitu kingine, na moja ya vifaa, aina inayostahimili kushushwa taratibu. Kati yake weka swichi ya kuzitenganisha. Dalili ya boti yenye betri moja ni rahisi kuitambua: ukiwasha mashine, skrini inazimika na kuwaka upya, maana volti zimeanguka kwa sekunde moja au mbili. Watu huirudisha skrini dukani wakidhani ni mbovu.

Pampu ya ngama yenye swichi ya kuelea ifungwe moja kwa moja kwenye betri, ikipitia fyuzi yake, si kwenye swichi kuu. Vinginevyo ukizima kila kitu jioni umezima na pampu, na mvua ya usiku inakungoja.

Sasa waya. Bei rahisi ni waya wa nyumba, na ndio ugonjwa mkubwa wa boti za pwani. Chumvi inapenya chini ya plastiki na shaba inageuka kijani kibichi, kisha nyeusi, futi nzima kutoka kwenye kiungo. Nunua waya wa baharini ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati. Ukimenya ncha yake utaona rangi ya fedha, si nyekundu.

Unene nao una hesabu. Redio inayokula ampea 6, iliyo mita 5 kutoka kwenye betri, ina waya wa mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba unapoteza volti 0.7 njiani. Kwa 2.5 unapoteza 0.4, kwa 4 ni 0.26. Betri ikiwa imeshachoka jioni, ile 0.7 ndiyo inayofanya redio isikie vizuri lakini ikizungumza ikatike. Chagua milimita 4.

Kila kifaa na fyuzi yake, karibu na betri: plota mara nyingi 3 hadi 5, redio 10. Fyuzi inalinda waya usiwake moto, ndiyo maana inakaa upande wa betri. Ukiiweka nyuma ya skrini, mita tano za waya ulio hai zimebaki bila ulinzi. Viungo vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani. Selotepu ya umeme kwa joto la huku inayeyuka gundi na kufunguka kabla ya msimu kwisha.

Hatua ya 3: Redio, kabla ya sonari

Simu ya mkononi inapoteza mtandao ukitoka nje, na hata ukiwepo unampigia mtu mmoja tu. VHF inasikiwa na kila chombo kilicho karibu. Nunua ya kufunga, ya wati 25, yenye kitufe chekundu cha dharura chini ya kifuniko. Kitufe hicho kinarusha nafasi yako kwa mfumo wa kidijitali kwenye chaneli 70, lakini mambo mawili yawe yamefanyika kwanza: redio ipate GPS, ama yake ya ndani ama waya kutoka kwenye plota, na iingizwe namba ya tarakimu tisa ya chombo. Namba za Kenya huanza na 634. Leseni ya redio inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Redio isiyo na namba, kitufe chake chekundu ni pambo. Ukiwa na shida unaita chaneli 16, na kituo cha kuratibu uokoaji kiko Mombasa.

Wati si kitu kikubwa kuliko urefu wa antena. Mawimbi ya VHF yanakwenda karibu na mstari wa macho, nao mviringo wa dunia unayakata. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha mara 4.1, upate kilomita. Antena iliyo mita 3 juu ya maji inafika kilomita 7. Boti mbili za namna hiyo zinasikilizana kilomita 14. Redio ya mkononi iliyoshikwa mita moja juu ya maji ni kilomita 4, na mbili ni 8. Kituo chenye mlingoti wa mita 50 kinaongeza kilomita 29 zake, kwa hiyo boti yako inafikiwa kama kilomita 36. Hesabu hii inatosha kukuonyesha kwa nini ya mkononi peke yake haitoshi, na kwa nini pesa ya antena haipotei.

Antena ya mita 2.4 inafaa boti nyingi. Kebo yake usiikate ovyo wala kuikunja kwa nguvu, na plagi ya mwisho ichomelewe kwa bati, kisha ifungwe mpira. Maji yakiingia kwenye kebo yanapanda ndani kama mafuta kwenye utambi, na redio inakuwa kiziwi polepole bila wewe kugundua. Jaribu: ukianza kumsikia mwenzako kwa taabu mahali ulipokuwa ukimsikia vizuri mwaka jana, shuku kebo kwanza.

Ya mkononi nunua pia, inayoelea. Kaa nayo mwilini. Ya kwenye kabati inazama na kabati.

Na kama unatoka zaidi ya macho ya nchi kavu, nunua kirusha ishara cha dharura cha 406 MHz. Cha chombo kinarusha kwa saa 48 au zaidi, cha mtu binafsi saa 24. Setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tangu 2009, kwa hiyo kile cha zamani cha masafa hayo pekee, hata ukipewa bure, usikihesabu. Kinachouzwa kimetumika ulize mambo mawili: tarehe ya betri, na nchi iliyoandikwa ndani yake. Kama kina namba ya nchi nyingine, ukikivuta nje ya Malindi simu italia huko kwanza.

Hatua ya 4: Transdusa

Hapa ndipo pesa ya samaki inapokaa. Masafa mawili ya kawaida ni 200 na 50 kHz. 200 inatoa picha kali lakini inachoka mapema. Ni ya maji mafupi mpaka kama mita 100. 50 inazama mamia ya mita lakini picha yake ni nene. Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji hawaisemi, nayo ni upana wa mwale wake wa sauti. Transdusa ya kawaida ina pembe ya kama digrii 12 kwenye 200, na 45 kwenye 50. Kwenye kina cha mita 60, ya kwanza inaona duara la mita 13, ya pili duara la mita 50. Ukiona samaki kwa 50 kHz hujui kama yuko chini yako au yuko mita 25 ubavuni. Unateremsha mshipi, hakuna kitu, unamlaumu chambo.

Kwa hiyo: miamba ya mita 20 hadi 80, tumia 200, au ile ya kurusha masafa mengi kwa mpigo mmoja, iitwayo chapu, ya bendi ya juu. Ukivuka ukingo ambako kina kinapita mita 200, unahitaji 50 au chapu ya bendi ya chini. Nguvu ya wati 500 au 600 inatosha kwa mvuvi wa Malindi asiyelala nje. Kilowati moja ni ya wanaotafuta chewa wa kina kirefu, nayo transdusa yake ni nzito na ghali. Sonari za picha za 455 na 800 kHz ni nzuri sana kuonyesha umbo la mwamba au meli iliyozama, lakini kwenye maji ya chumvi ya kina kirefu zinakufa mapema. Mikanda ya Lamu ndiyo nyumbani kwao.

Tope la mto Sabaki baada ya mvua huchafua picha ya 200. Skrini inajaa vidoti vidoti kama mchele uliomwagika. Punguza geini, yaani ukali wa kupokea mwangwi, kwanza, kabla ya kuilaumu transdusa.

Aina ya kufunga inategemea bodi. Boti ya mbao usitoboe na kupachika transdusa ya plastiki: mbao zikinywa maji zinavimba na kuivunja shingo. Ya kupenya bodi iwe ya shaba nyeusi. Ile ya kugundishwa ndani ya bodi inafanya kazi kwa faiba tupu tu. Mbao haipitishi, wala faiba yenye povu au mbao katikati. Na boti inayolala mchangani inafaa ya kufunga nyuma kwenye shetri, yenye bawaba inayoruka juu ikigongwa.

Kuifunga nyuma, anza kwa kugundisha ubao mdogo wa plastiki kwenye shetri, kisha parafujo za transdusa ziingie kwenye ubao huo. Ukikosea mahali, na mara ya kwanza wengi wanakosea, unahamisha bila kuacha matundu kwenye boti. Uso wa transdusa uwe chini ya bodi kwa milimita 3 hivi, sambamba na maji boti ikiwa mbioni. Iwe mbali na rafadha kama sentimita 40, na isiwe nyuma ya matuta ya bodi wala ya tundu la pampu, maana huko kunatoka mapovu, na sonari haioni kupitia mapovu. Rafadha ya kawaida, ukiitazama kwa nyuma, inazunguka kama saa. Upande wa kulia makali yake yanashuka, na maji yake ni safi zaidi. Funga kulia.

Boti ikipoteza usomaji ukifika mwendo wa noti 15, shida ni hii ya mapovu karibu kila mara. Ishushe milimita 2, jaribu tena. Usiishushe sentimita nzima: itaanza kurusha maji kama bomba lililopasuka hadi kwenye mashine.

Waya wa transdusa usiukate kuufupisha. Uliobaki ukunje upana wa sahani, uweke mbali na waya wa mashine na wa redio.

Hatua ya 5: Skrini na GPS

Sasa unaweza kwenda dukani. Kwa boti ya wazi ya futi 23, inchi 9 inatosha, inchi 7 inavumilika kama unaonyesha kitu kimoja kwa wakati. Soma idadi ya vidoti vya wima kabla ya inchi. Skrini yenye vidoti 480 ikionyesha mita 100, kila kidoti ni sentimita 21, na chewa aliyelala juu ya mwamba anamezwa na mstari wa chini. Yenye 720 ni sentimita 14. Vyovyote vile, jifunze kutumia zumu ya chini, inayoonyesha mita 10 za mwisho tu.

Pili, mwanga. Katikati ya Machi jua linapita karibu wima juu ya Malindi, na skrini hafifu inageuka kioo cha kujitazama. Ipeleke nje ya duka mchana. Vaa miwani yako ya jua ya kuvulia, uiangalie ikiwa imesimama na ikiwa imelala. Baadhi zinakuwa nyeusi kabisa kwa upande mmoja.

Tatu, ramani. Hakikisha kadi inayokuja nayo ni ya Afrika Mashariki, na umwambie muuzaji aikuze mpaka Shela ya Lamu au mlango wa ghuba ya Malindi mbele yako. Ukiona bahari ya buluu tupu bila namba za kina, hiyo ni ramani ya dunia tu. Hata iliyo nzuri, mafungu ya mchanga yanahama na ramani haihami.

Alama za miamba zinazopitishwa kati ya wavuvi zina makosa mawili ya kudumu. La kwanza ni namna ya kuandika. 3°13.50′ ni dakika 13 na nusu, yaani sekunde 30. Ukiiingiza kama dakika 13 sekunde 50, umekosea sekunde 20, na hizo ni mita 617. La pili ni msingi wa vipimo: alama iliyochukuliwa kwenye ramani ya zamani ya Arc 1960 ikiingizwa kwenye kifaa kilichowekwa WGS84, msingi wa GPS, inahama karibu mita 300. Mwamba wa upana wa mita 50 hutaupata daima, na utaapa kwamba rafiki alikudanganya.

Hatua ya 6: Vya baadaye

Otopailoti inalipa kwa anayerambaza siku nzima, maana inaacha mikono ya kufanya kazi kwenye mishipi. Dira yake iwe mbali na spika, kama mita moja.

Rada ndogo usiikimbilie. Mashua na ngarawa za mbao hazirudishi mwangwi wa maana, wala hazina AIS (redio inayotangaza jina na nafasi ya chombo), kwa hiyo vyote viwili vinakuonyesha meli kubwa na kukuficha mvuvi wa usiku aliye mbele yako. Alfajiri nenda polepole, weka mtu omo, mbele ya boti. Na rada inayotafuta ndege wa mbali ni ile kubwa yenye mkono unaozunguka. Dogo la kuba haliwezi kazi hiyo.

Hatua ya 7: Kukagua na kujaribu

Kifaa kilichotumika kiwashwe mbele yako dakika 20 juani. Tafuta ukungu ndani ya kioo, pini za kijani kwenye plagi, na vitufe visivyorudi. Hesabu matundu ya plagi ya transdusa: kampuni ile ile ina plagi za aina tofauti, na adapta inaweza kukuwekea mwezi mzima wa kungoja. Vifaa vilivyounganishwa kwa mtandao wa NMEA 2000 vipime kwa mita, umeme ukiwa umezimwa: kati ya nyaya mbili za data isome ohmu 60. Ikisoma 120, kizuizi kimoja cha mwisho hakipo.

Siku ya kwanza baharini zima kila kitu isipokuwa sonari. Kisha washa kimoja kimoja: pampu, redio, taa, mashine. Mistari ya wima ikitokea kwenye picha, kilichowashwa mwisho ndicho chanzo. Mara nyingi ni pampu au chaja ya simu ya bei rahisi.

Jioni suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila mpira wa presha, na futa skrini kwa kitambaa laini kilicholowa. Mafuta ya taa yanang'oa ule utando wa kuzuia mng'ao, na haurudi. Boti ikivutwa juu wakati wa Kusi, transdusa ipakwe rangi ya kuzuia uchafu wa bahari iliyotengenezwa kwa maji, mkono mmoja mwembamba kwa brashi. Rangi ile ya kawaida ya bodi, yenye kiyeyushi kikali, inakula uso wa plastiki.